Barua ya wazi kwa Ndugu Mkaguzi: zipimeni hizi bangili na vidani vya "tiba"

Ndugu Mkaguzi,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita spika ilifungwa tena karibu na stendi ya Moshi. Meza ilipangwa bangili za sumaku, bangili za shaba na vidani vyeusi vya "ayoni" (yaani chembe zenye chaji ya umeme), na mtangazaji akawaambia wagonjwa wa presha kwamba wakishavaa wiki tatu wanaweza kuacha vidonge. Kuacha vidonge, Ndugu Mkaguzi! Barua za kawaida mlizipokea, mkazigonga muhuri, mkaahidi msako baada ya Pasaka. Pasaka imepita, Idi imepita, na meza za namna hiyo sasa ziko hadi Kilombero, Arusha. Ndiyo maana naandika hadharani.

Jibu mnalotupa ni kwamba huo ni urembo tu, hauna madhara. Naomba tuanzie kwenye sumaku. Wauzaji wanasema inavuta madini ya chuma yaliyo kwenye damu ili damu itembee. Chuma hicho kimefungwa ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na hakivutwi kama msumari. Mashine ya MRI ya kawaida, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, ina nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mgonjwa analazwa ndani yake, na damu yake haikimbilii upande wowote. Bangili yenyewe pimeni hapo hapo mezani: wekeni pini, kisha mpachike karatasi za daftari moja moja kati ya pini na bangili. Kabla karatasi hazijafika unene wa kidole, pini imeshaanguka. Nguvu ya sumaku ndogo hupungua haraka sana kwa umbali, na bangili nyingi zimepangwa ncha kinyume kwa kinyume, kwa hiyo hupungua haraka zaidi.

Lakini kuna mtu ambaye sumaku hiyo hiyo inamfikia: aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Ikisogezwa kifuani, inaweza kukibadilisha kifaa kikaanza kupiga kwa kasi iliyopangwa bila kufuata moyo wenyewe. Ushauri wa kawaida ni sumaku ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa. Kidani cha sumaku kinaning'inia wapi? Na bangili ikikatika, mtoto akameza vipande viwili, vipande hivyo hutafutana kupitia kuta za utumbo hadi utumbo unatoboka. Hapo ni chumba cha upasuaji.

Kuhusu shaba na baridi yabisi, kazi imeshafanyika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 majaribio ya wagonjwa 70, kila mmoja akivaa kwa zamu bangili ya shaba, ya sumaku kamili, ya sumaku hafifu na isiyo na sumaku. Maumivu, uvimbe na mwendo wa ugonjwa havikuonyesha tofauti ya maana. Baridi yabisi ikikosa dawa mapema, viungo huliwa na havirudi. Miezi anayopoteza mama wa watu akisubiri bangili ifanye kazi haina fidia.

Wauzaji pia hufanya onyesho la kusukuma mkono ulionyooshwa, kwanza bila bangili kisha ukiwa umeivaa, eti kuonyesha kwamba inaongeza nguvu. Nalo lina siri yake. Mara ya kwanza muuzaji anabonyeza kwa kuvuta nje kidogo, mbali na mwili, unayumba. Akishakuvisha, anabonyeza kuelekea mguu wako, na wewe umeshajua kinachokuja, umekaza misuli. Mwambieni atie bangili yake na kipande cha plastiki kwenye bahasha mbili zinazofanana, mtu mwingine azichanganye, kisha arudie mara 20 mbele ya wateja. Australia waliwabana wauzaji wa Power Balance, bangili zilizodaiwa kuongeza nguvu na uwiano wa mwili, na Desemba 2010 kampuni ikakiri kwamba haina ushahidi wa kisayansi unaoaminika, ikarudisha fedha za wateja. Inawezekana, basi.

Linalonikosesha amani ni vile vidani vyeusi. Muuzaji ana kifaa kidogo chenye namba. Akikiweka juu ya kidani, namba zinapanda, watu wanapiga makofi. Hicho wanachoita nishati ya ayoni, katika baadhi ya vidani vya aina hiyo vilivyopimwa nje, kilitokana na unga wa madini yenye thoriamu au urani. Mionzi yake ndiyo inayozalisha ayoni hewani, ndiyo maana namba zinapanda. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitaja bidhaa 10 za namna hii, ikiwemo bangili ya watoto, ikawataka watu waache kuzivaa. Hatari kubwa zaidi ni kwa avaaye usiku na mchana mwaka mzima, au anayekisaga na kuvuta vumbi lake. Hivi vya Kilombero vina nini? Kwa macho hatuwezi kujua. Maabara za TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ziko Njiro hapo Arusha, Ndugu Mkaguzi, mwendo wa daladala. Kipima mionzi kinasomwa kwanza hewani, kisha kikiwa kimegusana na kidani, na tofauti inaonekana ndani ya dakika chache.

Msiseme sheria haiwafikii. Kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, kinachotazamwa ni kusudio, na kusudio limeandikwa kwenye kipeperushi kilicho ndani ya boksi. Mkija na sare wanasema urembo. Mkiondoka wanasema dawa. Tumeni mtu bila sare, anunue kwa risiti, atunze boksi na kipeperushi, arekodi tangazo.

Aliyenacho kidani cha aina hiyo asikikate wala kukisaga. Akitie kwenye mfuko uliofungwa, akiweke mbali na kitanda na watoto, mpaka kipimwe.

Naomba jambo moja: zipimeni. Nunueni moja ya kila aina, zipimwe, majibu yatangazwe kwenye redio za hapa hapa Arusha na Moshi. Na tarehe ya msako mtupe safari hii kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa vifaa tiba, Moshi