Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: theluji ya Kilimanjaro na maji ya Kilimanjaro havina adui mmoja

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

Nakuandikia kutoka Marangu, ninakofundisha jiografia sekondari. Tukifika kwenye mada ya sababu za mabadiliko ya tabianchi, wanafunzi huandika orodha ile ile: volkano, jua, ukataji miti, viwanda, magari. Wanapata alama zao. Kisha nawauliza, je, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inamalizwa na nini? Wengine hujibu ni mipango ya Mungu. Wengine hujibu ni mama zao wanaokata kuni. Majibu hayo mawili ndiyo tunayoyasikia hata kwenye mikutano ya hadhara, na yote mawili yanatuumiza.

Nianze na maumbile, maana yana sehemu yake na si haki kuyaficha. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilitoboa barafu ya Kibo na kutoa nguzo sita za barafu. Ndani yake lilikutwa tabaka la vumbi la ukame mkali wa takriban miaka 4,000 iliyopita, wakati ambao duniani hapakuwa na kiwanda hata kimoja. Mwishoni mwa karne ya 19 Afrika Mashariki iliingia tena kwenye ukavu, maji ya Ziwa Victoria yakashuka, na barafu yetu ikaanza kurudi nyuma. Hewa ikikauka mawingu hupungua, jua huipiga barafu bila kizuizi, na barafu hugeuka mvuke pasipo hata kuwa maji kwanza. Bahari ya Hindi nayo ina zamu zake: upande wetu ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli hufurika, mambo yakigeuka, vuli hukauka. Mwaka 2023 zamu hiyo ya mvua ilikutana na El Niño, na tuliona mafuriko yaliyotokea. Haya yalikuwepo kabla yetu na yataendelea kuwepo.

Ila maumbile hayawezi kubebeshwa mzigo wote. Chukua volkano, ambayo wanafunzi huitaja ya kwanza. Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991 iliipoza dunia kwa takriban nyuzijoto 0.5 kwa muda wa mwaka mmoja au miwili, kwa sababu gesi ya salfa iliyorushwa angani ilikinga jua. Hewa ukaa inayotoka kwenye volkano zote kwa mwaka, Ol Doinyo Lengai yetu ikiwemo, haifiki asilimia 1 ya ile inayotoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi. Jua limepimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nguvu yake haijapanda, joto limepanda. Kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420.

Ushahidi unaonigusa kuliko wote uko palepale juu, kwenye nguzo mojawapo ya Thompson. Sentimita 65 za mwanzo zina mapovu yaliyorefuka, alama ya barafu iliyoyeyuka ikaganda tena. Chini ya hapo, katika barafu ambayo yeye anaikadiria kufikia umri wa miaka 11,700, alama hiyo haipo. Barafu iliyouvumilia ule ukame wa miaka 4,000 iliyopita imeshindwa na joto la kizazi chetu. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007, asilimia 85 yake ilikuwa imetoweka. UNESCO ilieleza mwaka 2022 kwamba yaliyobaki huenda yasifike mwaka 2050.

Aliyefanya hayo si mama wa Rombo mwenye mzigo wa kuni. Ukigawanya hewa ukaa ya mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa idadi ya watu, Mtanzania mmoja anapata chini ya nusu tani kwa mwaka, na Mmarekani karibu tani 14. Kumwambia mama huyo kwamba jiko lake ndilo limeyeyusha Kibo ni kumlipisha deni asilokopa. Ukienda kwenye mikutano ya dunia ya tabianchi (COP), tafadhali useme hivyo bila kuuma maneno, na udai fedha za fidia kwa sauti ya mtu anayedai chake.

Sasa nije kwenye maji, Mheshimiwa, maana hapa kisingizio cha Wazungu na viwanda vyao hakitutoshi.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mifongo yetu, ile mifereji ya asili ya Wachagga, inajazwa na theluji. Sehemu kubwa ya maji haya inatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Fika asubuhi ya Julai pale mfongo unapochepushwa kutoka mtoni, wiki nzima mvua haijanyesha. Utakuta zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi zinadondosha maji, magogo yamelowa, na udongo ukiukanyaga unatoa maji kama sponji. Hilo ndilo tangi letu. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha jinsi moto ulivyoushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba ukungu tunaoukosa kwa sababu hiyo ni hasara kubwa kwa maji yetu kuliko barafu inayoisha. Kweli, ukavu na joto huufanya moto ushike kirahisi. Lakini kiberiti kinawashwa na mtu: mrina asali, jangili, mwenye kusafisha shamba. Oktoba 2020 mlima uliwaka. Oktoba 2022 ukawaka tena.

Huku chini kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, bei ya kahawa ilipoanguka, miringaringa na miruka iliyokuwa kivuli cha migomba iliuzwa mbao. Kandokando ya vyanzo vya maji ikapandwa mikaratusi, kwa sababu inakua haraka na ina soko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, na kila mtu hapa anaijua. Ninaomba isimamiwe, na isimamiwe kwa kila mtu bila kujali jina la ukoo wake.

Ninaomba pia vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wafundishwe kuzima moto, wapewe vifaa na walipwe kabla ya kiangazi, badala ya kuitwa na majembe yao wakati moshi umeshaonekana Moshi mjini. Wazee wa mifongo wapewe kauli rasmi kwenye maamuzi ya maji ya bonde, kwa kuwa wao ndio wanaoita msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na wanajua kila chemchemi iliyokauka na mwaka iliyokauka. Miche inayogawiwa iwe ya miti ya asili. Na mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034 ni mzuri, ila mtungi mdogo wa gesi ukiisha, wengi hawana hela ya kuujaza, wanarudi kwenye kuni. Tafuteni namna watu wajaze gesi kwa kiasi cha fedha walichonacho. Mnapoutangaza, waambieni kina mama sababu halisi: ni kwa ajili ya mapafu yao na msitu unaowapa maji.

Ukiweza kufika Agosti au Septemba, kabla ya Oktoba, wazee wa mfongo wetu watakupandisha wenyewe hadi palipoungua na palipoanza kuchipua. Njoo na viatu vya matope, na uje na wataalamu wa bajeti.

Wako katika kulijenga taifa,
Mwalimu wa jiografia, Marangu