Mwanangu Wakio, kabla hujavuka mpaka wa Holili

Mwatate

Mwanangu Wakio,

Nimeusoma mkataba ulionitumia, nikaurudia. Fundi wa vyumba vya baridi katika shamba la maua, Usa River, miaka 2, shilingi 1,300,000 za Tanzania kwa mwezi. Kazi umeitafuta ukaipata, nami furaha yangu sina haja ya kuificha. Lakini usitie sahihi bado. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna mstari umeandikwa "Mahali alipoajiriwa: Arusha". Waambie waubadilishe usomeke "Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta, Kenya". Huku ndiko walikokupata: usaili walikufanyia kwa simu ukiwa hapa, na barua ya kazi imekufikia hapa.

Najua mstari huo unaonekana mdogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 43, inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi mbali na mahali alipoajiriwa amsafirishe hadi huko pamoja na mizigo yake, au agharamie safari hiyo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na mahali hapo. Tena kwa siku zote kati ya kuachishwa na kusafirishwa, mwajiri anadaiwa pesa ya kujikimu. Sasa mkataba ukisema uliajiriwa Arusha, nawe kazi yako iko Usa River, utadai nini? Nauli ya daladala. Watu hukaa miezi wakisubiri haki zao kwenye chumba cha kupanga, wala hawadai kujikimu, kwa sababu ya mstari waliousaini bila kuusoma.

Habari ya Jumuiya nayo tuiweke sawa, maana huku kila mtu atakwambia Afrika Mashariki ni moja na kitambulisho chatosha. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kweli inakupa haki nzito: kuomba kazi nchi jirani, kufunga mkataba, kukaa huko kwa ajili ya kazi hiyo, kujiunga na chama cha wafanyakazi, kupata hifadhi ya jamii kama wenyeji. Lakini haikufuta vibali. Kanuni zake zinasema mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka ikitoe ndani ya siku 30. Tena kila nchi ilitoa orodha ya kazi ilizokubali kuzifungua, na ya Tanzania imeegemea kazi za kitaalamu. Kwa hiyo cheo kwenye mkataba kilingane na cheti chako cha chuo: fundi sanifu wa mitambo ya baridi. Wakikuandika "mfanyakazi wa shamba" kwa kurahisisha mambo, ombi laweza kukwama, na atakayekaa nyumbani bila mshahara ni wewe.

Tanzania kuna vibali viwili na ofisi mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Anayekiomba ni mwajiri, na anatakiwa aonyeshe kwamba alimtafuta mwenyeji wa kazi hiyo akamkosa, na kwamba ana mpango wa kurithisha ujuzi wako kwa Mtanzania. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, na cha mwajiriwa ni daraja B. Hapo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kibali cha kazi nacho kina madaraja yake, A hadi E, na B ya ofisi moja si B ya ofisi nyingine. Mtu akikwambia "B yako imetoka", muulize ni ipi, na uishike mkononi.

Kosa linalowaumiza watu wetu kuliko yote ni hili: mtu anavuka, anapigiwa muhuri wa matembezi, meneja anamwambia "anza tu, vibali viko njiani". Muhuri wa matembezi haukuruhusu kufanya kazi hata siku moja. Siku ya kuachana, mwajiri yuleyule atasema hukuwa mfanyakazi halali, na mezani kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi swali la kwanza litakuwa kibali kiko wapi, kilianza lini, kilikwisha lini. Kwa hiyo omba mkataba uongezewe maneno mawili matatu: kwamba kazi itaanza vibali vyote viwili vikishatoka, na kwamba ada zake analipa mwajiri, hazikatwi kwenye mshahara. Kibali kikitoka, linganisha tarehe. Hakizidi miezi 24, na kikitangulia kuisha kabla ya mkataba, kumbusha kwa maandishi mapema, miezi 3 kabla. Na kibali kimeandikwa jina la mwajiri mmoja. Shamba la jirani likikuita kwa mshahara mkubwa zaidi, huwezi kuhamia na karatasi ileile.

Kazi ya pembeni usithubutu. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara ndogo za aina kadhaa: uwakala wa pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na nyinginezo. Faini ni ya mamilioni na kibali hufutwa. Najua mkono wako ni mwepesi kwa simu mbovu. Huko ziache.

Tuje kwenye pesa, na hesabu hii uinakili kwenye daftari lako. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Kupata thamani ya saa yako moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, upate wa wiki, halafu gawanya kwa 45. Shilingi 1,300,000 inakupa kama 300,000 kwa wiki, na kama 6,667 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 10,000. Ikiangukia usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezwa asilimia 5 juu ya hiyo, ikawa 10,500. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki 4.

Kwa fundi wa baridi hapa ndipo penye mgogoro. Kompresa itazima saa 8 usiku, maua yamejaa ndani, utaamshwa, na utakwenda, maana joto likipanda mzigo unaharibika. Asubuhi hakuna atakayekumbuka. Kwa hiyo kila ukiitwa andika palepale: tarehe, saa uliyopigiwa, jina la aliyekupigia, saa uliyoanza, ulichokuta, saa uliyomaliza. Mwombe mlinzi wa zamu aweke sahihi pembeni. Daftari la namna hiyo, linaloandikwa siku hadi siku, lina uzito mbele ya msuluhishi. Orodha iliyotungwa siku moja kabla ya shauri huonekana tu.

Na kompresa ikiungua, huenda wakataka ulipe. Mwajiri hawezi kukata tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujibu, nawe ukubali kwa maandishi. Hata hapo makato hayo yasizidi robo ya mshahara, kwako 325,000 kwa mwezi. Usisaini karatasi ya makato ukiwa umesimamishwa ofisini na watu watatu. Sema utaisoma, ondoka nayo.

Likizo ni siku 28 mfululizo kwa mwaka. Ugonjwa una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, na wewe usikatwe zaidi ya 10. Hautahamia NSSF ya Kenya ukirudi, basi weka namba ya uanachama na taarifa za michango. Ukiumia, mjulishe mwajiri kwa maandishi siku hiyohiyo. Fidia hutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia, na madai yasipite miezi 12.

Sasa nisikilize vizuri zaidi hapa, maana ndipo Wakenya wanapopotea. Kwetu, ukidhulumiwa kazini una miaka 3 ya kupeleka madai mahakamani. Watu hukaa, hujadiliana, hupiga simu, huandikiana ujumbe. Tanzania, ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA. Siku 30 tangu kuachishwa au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri, na zinahesabiwa zote, Jumapili na sikukuu. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa au saa za ziada, yana siku 60. Meneja akikwambia "rudi Kenya upumzike, tutakuita tumalize mwezi ujao", huenda hana nia mbaya, lakini mwezi ujao mlango umefungwa. Kuufungua tena kuna fomu yake ya kuomba kuongezewa muda, na "nilikuwa nasubiri waniite" haikubaliki kirahisi. Jambo jingine: chini ya miezi 6 kazini huwezi kudai kwamba uliachishwa isivyo halali, ila mshahara uliokwisha kuufanyia kazi unabaki wako.

Utaratibu wenyewe si mgumu na haulipiwi. Ofisi iko Arusha mjini. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, nakala unaipeleka kwanza kwa mwajiri, unamtaka aweke sahihi au muhuri wa kupokea, ndipo unaipeleka Tume pamoja na ushahidi huo wa kupokelewa. Wengi hurudishwa kwa kuruka hatua hiyo. Kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza mgogoro ulianza lini: andika tarehe ya barua ya kuachishwa, usikisie. Na sehemu ya unachodai, taja kila kitu kwa jina na kiasi: notisi ya siku 28, likizo ambayo hukuichukua, saa za ziada, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliotimia (kwako 50,000 kwa siku kwa wiki ya siku 6, yaani 350,000 kwa mwaka), usafiri hadi Mwatate, kujikimu, na cheti cha utumishi. Usichokiandika hapo utapata taabu kukidai baadaye. Kwanza huja usuluhishi, siku 30, na msuluhishi atawaweka wawili mezani. Mkishindwana huja uamuzi. Utasema kwa Kiswahili, na lugha hiyo hakuna atakayekuzidi.

Usiende peke yako kama unaweza. Mashamba ya huko yana chama cha wafanyakazi kinachoitwa TPAWU, na mgeni anaruhusiwa kujiunga. Unajaza fomu ya TUF 6 inayomruhusu mwajiri kukata ada. Kiongozi wa tawi anawajua wasuluhishi kwa sura na anajua ni barua gani inayokosekana kwenye faili.

Paspoti yako ni mali ya Serikali ya Kenya, wala si ya ofisi ya rasilimali watu. Wakiihitaji kwa vibali, wape kwa hati ya makabidhiano yenye tarehe ya kurudisha. Ikipita tarehe hiyo na sababu hazieleweki, wasiliana na ubalozi wetu Dar es Salaam. Na ikitokea ofisa wa mpakani, upande wowote, akukatalie kuingia, omba sababu kwa maandishi, kwa adabu, na ukae na jibu hilo. Mwanasheria Mkenya Samuel Mohochi alizuiwa Entebbe mwaka 2011, akarudishwa bila kuelezwa kosa lake. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwaka 2013 ikaamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki. Mahakama hiyo iko hapo Arusha. Muda wake wa kufungua shauri ni miezi 2.

Kila mwisho wa mwezi piga picha hati ya mshahara, ukurasa wa daftari la saa za ziada, na ujumbe wowote wa meneja kuhusu malipo, unitumie. Nitaziweka kwenye faili la kijani kabatini. Simu huibwa, na chumba cha kampuni hufungwa siku ile ile mtu anapoachishwa.

Mkataba ukirudi umerekebishwa, nitumie kabla ya sahihi, kurasa zote, hata ile ya mwisho yenye mihuri tu. Nitautazama jioni hiyo hiyo. Na siku ukivuka, nipigie ukiwa Holili, kabla hujapanda gari la Moshi, unisomee kilichoandikwa kwenye muhuri.

Mamako