Mgeni wa programu huria aonyeshwe wa kumuuliza

Mhariri,

Makala yenu ya kuwahimiza watu wajitolee kwenye programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, ilinifurahisha, ila haikugusa jambo linalowakimbiza wengi: ukishapata cha kuchangia, unamkabidhi nani?

Mimi ni mhasibu. Kuandika programu nilijifunza ukubwani, usiku baada ya kazi. Mchango wangu wa kwanza ulitokana na hitilafu kwenye programu ya lahajedwali: ukichapisha, tarehe ya chini ya ukurasa inatanguliza mwezi badala ya siku. Niliisaka wiki mbili, nikairekebisha kwa mistari miwili, nikatuma. Kimya. Siku ya 23 nikaamua kumtafuta mwenyewe mtu wa sehemu ile.

Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kina amri inayoonyesha nani wa mwisho kugusa kila mstari. Inaitwa blame, yaani lawama, na kweli nilimwendea asiyehusika. Jina moja lilitapakaa kwenye mistari yote, nikamwandikia kwa adabu zote. Akajibu kwamba miaka saba nyuma alifuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari, basi. Sehemu ile inafanya nini hata yeye hajui. (Baadaye nikajua kwamba ukiongeza -w, amri hiyo haihesabu mabadiliko ya nafasi tupu.) Lakini alinitajia mtu mwingine, ambaye jina lake halikuwamo kwenye mstari hata mmoja kwa sababu kazi yake miaka yote ilikuwa kukagua, si kuandika. Nilimwandikia jioni. Kulipokucha kiraka changu, yaani yale marekebisho ya mistari miwili, kilikuwa kimekubaliwa.

Siku 23 zote zile, nilichokosa ni jina moja tu, na lilikuwa limehifadhiwa kichwani mwa mtu niliyemfikia kwa makosa. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni hata mwenyeji hamjui.

Watu wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendeshea kompyuta, wana faili liitwalo MAINTAINERS, linalotaja kila sehemu, wasimamizi wake, wakaguzi wake na mafaili yake. Pembeni ipo skripti, yaani programu ndogo, get_maintainer.pl: unaipa kiraka chako, inakutajia wa kupelekewa. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila sehemu huandikiwa hali yake. Ipo yenye mtu anayelipwa kuitunza, ipo inayotunzwa kawaida, na ipo inayoitwa yatima waziwazi. Kwangu mimi, neno "yatima" lina faida kuliko jina la mtu aliyeondoka zamani ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta. Mgeni akilisoma hangoji jibu lisilokuja.

Watu wa LibreOffice, programu huria za kazi za ofisi, nao wana orodha ya nani anajua nini, na waliihitaji. Msimbo wao unatokana na StarOffice, programu ya ofisi iliyoanzia Ujerumani, na ulijaa maelezo ya Kijerumani ambayo wajitoleaji walitumia miaka kuyatafsiri kwa Kiingereza. Hapo utauliza nani, kama hakuna anayekuonyesha?

Wapo watakaosema wajuzi watachoshwa na maswali. Ni kweli, wanachoshwa, hasa na anayewafuata faraghani kuuliza lilelile lililojibiwa jana. Swali liulizwe hadharani, mjuzi atajwe humo, na kila sehemu iwe na majina mawili ili mmoja akilala mwingine ajibu. Mgeni naye alete jina la faili, alichojaribu na kilichotokea. "Naomba msaada" tupu haijibiki, na nasema hivyo nikijua barua yangu ya kwanza ilikuwa karibu hivyohivyo.

Siku hizi orodha ya mradi wetu naitunza mimi. Kila baada ya miezi mitatu nawauliza walioorodheshwa kama bado wapo, asiyejibu namwondoa. Mara ya mwisho nilifuta majina mawili. Moja lilikuwa langu: sehemu ya kuchapisha sijaigusa muda mrefu, na yupo anayeijua kunishinda, aliyekuja mwaka jana na kiraka cha mstari mmoja.

Mhasibu mjitoleaji