Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kuhusu mstari nilioupiga kwenye fomu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Umoja, hapa Nairobi. Binti yangu yuko Gredi ya Tano katika shule ya umma. Jina la shule silitaji, kwa maana sitaki mwalimu yeyote aharibikiwe na kazi kwa ajili yangu.

Nyumbani kwetu hatuna dini. Mimi nililelewa kanisani, na baba yake vilevile, kisha kila mmoja akatoka kwa wakati wake, bila kugombana na mtu. Mama mkwe akija kututembelea huombea chakula, nasi tunainamisha vichwa kwa kumheshimu. Mtoto tunamfundisha kuamkia wakubwa, kugawana alicho nacho na kusema kweli.

Kusema kweli ndiko kulikomponza. Kila wiki shuleni kuna kipindi cha PPI, yaani cha mafundisho ya dini. Wakristo hubaki darasani na mhubiri, Waislamu huenda chumba kingine na ustadhi wao. Alipoulizwa yeye ni wa wapi, alijibu, "Sisi hatuna dini." Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia asimame kando ya ubao mpaka akumbuke. Kufikia saa ya mapumziko alikuwa keshapewa jina, mtoto wa shetani, na rafiki yake wa tangu Gredi ya Kwanza akaomba kuhamishwa dawati.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, kwani akiomba tu kama wenzake atapungukiwa na nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata wiki chache baadaye, wakati wa kulala, binti yangu aliponieleza kwamba siku hizi hasumbuliwi tena. Amegundua njia: gwarideni anafumba macho, anachezesha midomo, na "amina" anaitamka kwa sauti kuliko wote. Alikuwa akijivunia. Ana miaka kumi, Mheshimiwa, na shule imeshamfunza kuigiza mbele ya walimu wake jambo ambalo kwa muumini ni takatifu. Siamini kwamba kuna kanisa linalotaka amina ya namna hiyo.

Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinalinda dhamiri na imani ya kila mtu, na kinakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Naam, utangulizi wa Katiba hiyo hiyo unamtaja Mwenyezi Mungu, na kila nikilizungumzia jambo hili nakumbushwa. Lakini hao walioandika utangulizi ndio walioandika na Kifungu cha 32. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inampa mfadhili wa shule jukumu la malezi ya kiroho, na papo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Kifungu chake cha 36 kinakataza kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Kusimamishwa kando ya ubao ni nini, kama si kudhalilishwa?

Wengine wamesikilizwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwatetea wanafunzi Waadventista waliotaka kuishika Sabato yao. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimrudishia haki msichana wa Kirasta aliyekuwa amefukuzwa shule Kibra kwa sababu ya nywele zake. Niliisoma habari ile nikafurahi kana kwamba ni mwanangu. Hata hivyo, mimi sitaki kumfikisha mtoto mahakamani ili tu aruhusiwe kunyamaza. Sensa ya mwaka huo huo wa 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini nchini. Watu hao wana watoto, na watoto hao wako katika madarasa yako.

Ninaloomba ni waraka mmoja kutoka Jogoo House, makao makuu ya wizara yako. Si jambo geni: Sheria ya Elimu ya 1968 ilimpa mzazi nafasi ya kuomba mtoto wake asihudhurie ibada wala mafundisho ya dini, na shule ilipaswa kumruhusu. Sheria ile imefutwa, lakini waraka wako unaweza kuirudisha nafasi hiyo. Wakati wa PPI, na siku za maombi kabla ya mitihani, mtoto wa namna hii apewe kitabu na mahali pa kukaa chini ya uangalizi wa mwalimu. Asipewe ufagio, na asihojiwe mbele ya wenzake.

Wala sikatai asome habari za dini. Anaishi Nairobi kati ya misikiti, makanisa na mahekalu ya Wahindu, na ni lazima ajue jirani yake anaamini nini. Kujifunza na kukiri ni mambo mawili.

Kuna jambo moja zaidi, dogo. Fomu ya shule ina nafasi iliyoandikwa "Dini". Niliijaza kwa mstari mfupi. Nilipokwenda kuonana na mwalimu mkuu niliiona ndani ya faili: juu ya mstari wangu mtu ameandika "Mkristo" kwa kalamu nyekundu. Naomba waraka huo uziagize shule ziuache mstari wa mzazi kama alivyouandika.

Wako mwaminifu,
Mzazi, Umoja, Nairobi