Leo Jumanne, 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya: tulipofika hadi sasa

Ndugu zangu wa kikundi, habari za mchana. Nimesoma jumbe zenu zote tangu alfajiri, na nashukuru kwa kila mmoja aliyeandika.

Hapa Malindi nilipanga foleni ya kupiga kura saa kumi na moja alfajiri. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja msusi wa makuti, na vidole vyake vimelika kwa kazi. Mtambo wa kutambua wapiga kura kwa alama za vidole ukakataa kumsoma. Karani akampangusa kidole gumba kwa kitambaa, akajaribu tena, wapi! Mwishowe wakamtafuta kwa namba ya kitambulisho, akapatikana. Alipotoka alituinulia kidole chenye wino, na foleni nzima ikampigia makofi. Kwa hiyo mliorudi nyumbani kwa sababu alama za vidole zimekataa, tafadhali rudini na kitambulisho mlichojiandikishia, mwombeni msimamizi awatafute kwa namba.

Kuna aliyeuliza kuhusu saa. Vituo vinafungwa saa kumi na moja jioni, lakini ukiwa tayari kwenye foleni muda huo, utapiga kura. Usitoke.

Karatasi za kura ni sita, kila moja na rangi yake na sanduku lake. Msiharakishe. Na nawasihi, msitume humu picha ya kura uliyotia alama, hiyo ni siri yako.

Usiku, picha ninazozitaka ni za fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, itakayobandikwa mlangoni pa kituo chako. Ipige ikiwa nzima, namba zisomeke.