Kulenga shabaha ni kufundishwa, tusinunue bunduki tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi naishi Marekani na wikendi iliyopita nilienda mafunzo ya Appleseed, siku mbili za kulenga shabaha kwa bunduki ndogo ya .22 (yaani risasi yake ina kipenyo cha kama inchi 0.22), umbali mita 25 tu. Miaka yote nilidhani shida yangu ni macho, kumbe ni mwili, nalala kifudifudi nalenga kwa kulazimisha misuli, mwalimu akaniambia fumba macho, vuta pumzi, toa, haya fumbua, nikakuta mtutu unaangalia pembeni kabisa ya shabaha! Basi usisukume bunduki kwa mikono, kiwiko kibaki palepale uzungushe mwili mpaka ukifumbua macho iko sawa. Na triga unaivuta taratibu, bunduki ikishalia usiiachie triga haraka.

Mtihani wao ni pointi 250, ukifika 210 unaitwa Rifleman, yaani mlenga shabaha hodari, mi nimeishia 187 na nitarudi.

Ila kinachoniuma ni wenzetu huku wananunua bunduki bila kufundishwa hata kwamba kidole hakigusi triga kabla hujalenga, na nyumbani kuna watoto, jamani gazeti liandike hilo.

Msomaji wenu, Marekani