Rhinog Fawr Jumamosi: someni kabla ya kufunga mabegi

Habari zenu, ndugu. Rhinog Fawr ni mita 720 tu, lakini msiudharau huu mlima. Safu ya milima ya Rhinogydd, ambamo mlima huu umo, husemwa kuwa ngumu kuliko zote kutembea hapa Wales. Hetha (vichaka vifupi vya milimani) inafika magotini, na chini yake kuna mawe makubwa yenye mianya usiyoiona. Hapo ndipo vifundo vya miguu huteguka. Kwa hiyo hesabuni kilomita 2 kwa saa, si 4, na msikate njia ya mkato hata ikionekana fupi.

Tunaanzia bonde la Cwm Bychan, tunapanda Roman Steps, yaani "Ngazi za Warumi" za mawe (jina tu, inaelekea ni njia ya farasi wa mizigo ya enzi za kati), hadi kipito cha Bwlch Tyddiad, halafu kusini kwenda ziwa la Llyn Du na kileleni. Kurudi ni njia ile ile. Vibao vya mawe vya ngazi hizo vikilowa vinateleza sana, hasa wakati wa kushuka. Shukeni kwa hatua fupi.

Kila mtu: buti zinazoshika kifundo, koti na suruali ya mvua, sweta la ziada, maji lita 2, chakula, taa ya kichwani, filimbi. Jinzi hapana, zikilowa zinanyonya joto la mwili. Ramani ni OL18 ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), pamoja na dira, maana simu hupoteza mtandao mabondeni.

Dharura: filimbi mara 6 kwa dakika, tulia dakika moja, rudia. Mtandao ukipatikana, piga 999, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani.

Ukungu ukifunika kabla ya Llyn Du, tunageuza.